Dawa zimekwisha zahanatini: ni nani wa kuulizwa, na anajibia wapi?

Umeamka alfajiri, umembeba mtoto mwenye homa na kutembea hadi zahanati. Muuguzi amempima, ameandika dawa, kisha amekuambia maneno ambayo wasikilizaji wetu wengi wameyazoea: "Dawa hii hatuna. Kanunue duka la dawa." Ukimuuliza zitaletwa lini, hajui. Hata yeye anasubiri.

Njiani kurudi nyumbani lawama zinaenda kwa kila mtu. Wengine wanamlaumu muuguzi, wengine chifu, wengine mbunge, wengine gavana, wengine Rais. Lawama zikitawanyika hivyo, hakuna anayelazimika kujibu, na wiki ijayo zahanati inabaki vilevile.

Hapa Kenya sheria inasema wazi ni nani wa kuulizwa, nani ana kazi ya kuuliza, na mahali pa kuulizia. Mahali hapo ni bunge la kaunti. Katika makala haya tunafuata swali moja tu, la dawa za zahanati, kutoka kijijini hadi bungeni na kurudi. Tunaeleza linapopita, linapokwama, na jinsi msikilizaji mwenye simu anavyoweza kulisukuma.

Zahanati ni ya nani?

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawa kazi za serikali katika ngazi mbili. Serikali za kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mgawanyo wenyewe umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba.

Kaunti ilipewa zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi. Ilipewa pia huduma za maji, barabara za kaunti, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na huduma za kilimo na mifugo kama vile kuzuia magonjwa ya ng'ombe na mbuzi.

Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya, hospitali za rufaa za kitaifa, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi na barabara kuu.

Kwa hivyo zahanati ikikosa dawa, wa kwanza kuulizwa ni serikali ya kaunti: gavana, na hasa yule anayesimamia afya katika kamati yake kuu, ambaye watu humwita waziri wa afya wa kaunti. Mbunge aliye Nairobi hana bajeti ya zahanati yako. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa, wala hanunui dawa.

Kaunti hazifanyi kazi hizi kwa mkono mtupu. Katiba inataka zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 mgao wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2025/26 mgao huo umefika shilingi bilioni 415. Bei zimepanda na watu wameongezeka, lakini hizo bado ni pesa nyingi, na ni haki kuuliza zimekwenda wapi.

Mwenye kazi ya kuuliza

Anayelipwa kuuliza maswali hayo kwa niaba yako ni mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA. Nchi nzima ina wadi 1,450, na kila wadi ina MCA mmoja aliyechaguliwa. Wengine huongezwa kwa uteuzi ili wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine wapate sauti.

Wengi wetu tunampima MCA kwa mambo mawili: amejenga nini, na ametoa mchango kiasi gani kwenye harambee na mazishi. Katiba inampa kazi nyingine. Kifungu cha 185 kinasema bunge la kaunti linatunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Kusimamia maana yake ni kuuliza, kukagua, kudai karatasi, na kufuatilia mpaka jambo lifanyike. MCA si mkandarasi wala hana hazina ya kujengea barabara. Nguvu yake kubwa ni kupitisha bajeti, kisha kuuliza ilitumikaje.

Kifungu cha 183 nacho kinaibana serikali ya kaunti. Kinasema ni lazima ilipe bunge la kaunti ripoti kamili na za mara kwa mara kuhusu mambo ya kaunti. Waziri wa kaunti anapojibu swali, basi, anatimiza wajibu wake. Hamfanyii MCA hisani.

Safari ya swali moja

Jambo moja huwachanganya wasikilizaji. Waziri wa kaunti si mjumbe wa bunge la kaunti. Huteuliwa na gavana, na bunge humuidhinisha, lakini haketi humo ndani. MCA anaposimama kuuliza habari za dawa, anayesimamia dawa kwa kawaida hayuko ukumbini.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. MCA anaomba taarifa rasmi bungeni. Spika anaipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Mwenyekiti anaiandikia idara ya afya. Idara inaandika majibu, mwenyekiti anayasoma bungeni, na MCA mwenye swali pamoja na wenzake wanaweza kuuliza zaidi.

Majibu yasiporidhisha, kamati inaweza kumwita waziri mwenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaipa kamati uwezo wa kumtaka afike mbele yake na kujibu swali lolote linalohusu kazi yake. Akikaidi, Katiba ina meno zaidi. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti na kamati zake mamlaka kama ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi, kuwahoji chini ya kiapo, na kuwalazimisha kuleta stakabadhi.

Hatua ya mbali zaidi ni hoja ya kumtaka gavana amfute waziri huyo kazi. Hoja ya namna hiyo inahitaji kwanza kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe wote wa bunge la kaunti.

Kwenye karatasi, bunge la kaunti halikosi nguvu. Kwa nini basi maswali mengi huishia hewani?

Maswali mawili, majibu mawili

Sababu ya kwanza iko ndani ya swali lenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni.

MCA wa kwanza anasimama: "Mheshimiwa Spika, serikali ya kaunti ina mpango gani wa kuhakikisha wananchi wanapata dawa?"

Majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa: "Idara inaitambua changamoto hiyo na inaendelea kuishughulikia." Kikao kinaendelea. Waziri hajadanganya, na hajasema kitu.

MCA wa pili anauliza hivi: "Zahanati hii ilipokea dawa mara ya mwisho tarehe gani? Iliagiza aina ngapi, na ikaletewa ngapi? Bajeti ya mwaka huu ilitenga kiasi gani cha dawa, na hadi leo kimetumika kiasi gani? Kaunti inadaiwa na KEMSA shilingi ngapi, na deni hilo ni la tangu lini? Dawa zijazo zitafika tarehe gani, na ni afisa gani atakayeulizwa zisipofika?"

Hapo "tunashughulikia" haitoshi. Kila kipande kinadai tarehe, kiasi au jina la cheo. Waziri akitoa tarehe, tarehe hiyo inaingia katika kumbukumbu rasmi za bunge. Isipotimizwa, MCA anarudi nayo mkononi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lililoandikwa ni vigumu kulikana.

KEMSA tuliyoitaja ni shirika la serikali ya kitaifa linalonunua na kusambaza dawa. Kaunti huagiza kwake na kulipa. Madeni yakirundikana, ugavi unasuasua, na anayeumia ni yule mama aliye dirishani.

Swali la dawa siku hizi lina mkono mwingine pia. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inataka pesa zinazokusanywa na kituo zibaki kwa ajili ya kituo hicho badala ya kumezwa na akaunti kuu ya kaunti. Tena, tangu bima ya zamani ya NHIF ilipoondolewa Oktoba 2024 na SHA kuanza kazi, huduma za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kulipiwa kutoka Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi, bila mgonjwa aliyejisajili kutoa pesa. MCA makini ataongeza: je, zahanati zetu zimelipwa? Kiasi gani, na kwa miezi gani? Na pesa hizo, zimefika mikononi mwa zahanati?

Visingizio vitatu na namna ya kuvipima

Ukisikiliza vikao vya kamati kwa muda utagundua majibu matatu yanayorudi tena na tena. Si uongo kila mara. Ila kila moja linaweza kupimwa.

La kwanza: "Pesa hazijafika kutoka Hazina ya Kitaifa." Mara nyingi hili ni kweli. Fedha za kaunti huchelewa, na mishahara pamoja na wagavi husubiri. Lakini kuna njia ya kulithibitisha. Msimamizi wa Bajeti, ambaye sasa ni Margaret Nyakang'o, ndiye anayeidhinisha kila kaunti itoe pesa, na ofisi yake huchapisha ripoti za matumizi. Ripoti hizo huonyesha kila kaunti imepokea kiasi gani, imetumia kiasi gani, na katika mambo gani. MCA akizisoma ataona kama pesa hazikuja kabisa, au zilikuja zikatangulia kwenye safari na marupurupu huku dawa zikisubiri. Pesa zisipokuja, wa kuulizwa ni Hazina ya Kitaifa. Zikija zikaenda kwingine, wa kuulizwa ni waliochagua hivyo.

La pili: "Hilo ni la serikali ya kitaifa." Hili nalo lina ukweli wake. Malipo ya SHA, kwa mfano, yanatoka kwa mamlaka ya kitaifa. Wakenya wameonja uchungu wa mvutano huu katika migomo. Mwaka 2017 madaktari walirudi kazini baada ya kugoma siku 100. Mwaka 2024 waligoma tena, safari hii siku 56. Wakati wote huo ngazi mbili za serikali zilikuwa zikitazamana, kila moja ikiwa na sehemu yake ya mzigo, na wagonjwa wakirudishwa nyumbani. Jibu la aina hii hupimwa kwa swali moja: "Sehemu yenu ni ipi, na mmeifanya?" Ikiwa malipo ya kitaifa yamechelewa, waziri wa kaunti na aonyeshe aliandika lini kuyadai na alijibiwaje.

La tatu: "Tunalishughulikia." Kwa hili swali ni: lini? Bila tarehe, jibu hilo halina uzito.

Kwa nini wengine hawaulizi

Sababu ya pili ya maswali kufa ni ya kisiasa, na tuiseme bila kuzunguka.

MCA anataka kuchaguliwa tena. Wapiga kura wake wanamuuliza barabara iko wapi, kisima kiko wapi. Vitu hivyo vinajengwa na serikali ya gavana. MCA anayemhoji waziri kwa ukali anaweza kuogopa kwamba mradi wa wadi yake utasukumwa hadi mwaka ujao. Anayekaa kimya anatumaini kukumbukwa. Kwa njia hiyo, sisi wapiga kura tunamsukuma MCA kwenye ukimya bila kujua. Tunamtuza kwa kokoto na mabomba, hatumtuzi kwa swali zuri.

Chama nacho kina uzito. Pale ambapo chama cha gavana kina wajumbe wengi, swali gumu linaweza kuonekana kama usaliti. Pale ambapo wapinzani ni wengi, swali linaweza kuwa fimbo ya kupigia tu, na mwenye swali asijali jibu. Si kila swali linaloulizwa kwa sauti kubwa linaulizwa kwa ajili yako. Kuna maswali ambayo hunyamaza ghafla, na wananchi hawaambiwi kwa nini.

Waziri naye ana upande wake. Anaweza kuwa amerithi madeni ya utawala uliopita, wafanyakazi wachache na pesa zisizofika kwa wakati. Waziri mwaminifu ananufaika na swali la tarehe na kiasi, kwa sababu linampa nafasi ya kuonyesha wazi kilipokwama. Asiyependa swali hilo ni yule ambaye ukungu unamfaa.

Kisha kuna ripoti zinazolala. Kamati inaweza kufanya kazi nzuri, ikatembelea hospitali, ikaandika mapendekezo, bunge likayapitisha, halafu hakuna anayerudi kuuliza yametekelezwa au la. Ndiyo maana mabunge yana kamati ya utekelezaji. Ukitaka kujua kama bunge lako la kaunti liko hai, usihesabu hoja zilizopitishwa. Uliza kamati hiyo imekutana mara ngapi, na imemwita nani.

Kumng'oa gavana si sawa na kumhoji

Kinachosikika sana redioni, na hata sisi tunakiri kukipa muda mwingi, ni hoja za kuwatimua magavana. Zina kelele, zina kura, zina mshindi na mshindwa.

Sheria inataka hoja hiyo iungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge la kaunti, kisha iende Seneti, ambako gavana husikizwa na uamuzi hutolewa. Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza kutimuliwa, mwaka 2014, lakini mahakama zikamrejesha, na akachaguliwa tena mwaka 2017. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020. Anne Waiguru wa Kirinyaga alipigiwa kura ya kuondolewa na bunge la kaunti mwaka huohuo, lakini Seneti ikamwokoa.

Kisa cha Meru kinafundisha zaidi. Bunge la kaunti lilimtimua Gavana Kawira Mwangaza mara tatu, mwaka 2022, 2023 na 2024. Seneti ilimnusuru mara mbili za kwanza, na mara ya tatu, Agosti 2024, ikamwondoa. Alikwenda mahakamani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana na uamuzi wa Seneti. Mvutano huo ulichukua zaidi ya miaka miwili.

Hatusemi hoja zile zilikuwa na haki au hazikuwa nayo. Hilo liliamuliwa na waliopewa kazi ya kuliamua. Tunasema hivi: gavana akibaki au akienda, ghala la dawa halijijazi. Gavana mpya anarithi deni lilelile la dawa. Kumwondoa kiongozi ni dawa ya ugonjwa mkubwa sana, na Katiba inaitoa kwa makosa mazito kama kuvunja Katiba vibaya au kutumia ofisi vibaya. Kwa maradhi ya kila siku, dawa ni swali la kila wiki. Bunge linalojua kung'oa tu, lakini halijui kuhoji, litakuwa na vita kila mwaka na zahanati tupu kila mwaka.

Seneti inauliza ya jana

Wasikilizaji hutuuliza: mbona tunawaona magavana wakihojiwa Nairobi, mbele ya maseneta?

Kifungu cha 96 cha Katiba kinaipa Seneti kazi ya kusimamia matumizi ya fedha za taifa zilizogawiwa kaunti. Kamati yake ya hesabu za kaunti huwaita magavana kujibu maswali yaliyotokana na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu. Maswali huko ni makali, na huwa na karatasi: malipo yasiyo na risiti, miradi iliyokwama, madeni ya wakandarasi yasiyolipwa.

Lakini angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Mkaguzi Mkuu ana miezi sita, yaani hadi 31 Desemba, kukamilisha ripoti yake. Bunge linalopokea ripoti hiyo lina miezi mitatu zaidi ya kuijadili na kuchukua hatua, na mara nyingi kazi huchukua muda mrefu kuliko huo. Dawa iliyokosekana Septemba mwaka jana inaweza kujadiliwa Nairobi mtoto akiwa amekwisha kupona, au tumekwisha kumzika.

Hii haifanyi kazi ya Seneti iwe bure. Inakamata wizi, inarekodi, inawapa wapelelezi mahali pa kuanzia. Ila Seneti inauliza ya jana. Anayeweza kuuliza ya leo asubuhi ni MCA wako, aliye umbali wa safari ya bodaboda kutoka zahanati hiyo.

Wewe ukiwa kijijini

Sasa tufike kwako. Huhitaji wakili, wala huhitaji kusafiri hadi makao makuu ya kaunti kila mara.

Kwanza, kusanya ukweli. Andika kwenye simu tarehe uliyokosa dawa, jina la dawa, na jina la zahanati. Waombe majirani wafanye vivyo hivyo. Watu kumi wenye tarehe kumi wana nguvu kuliko watu mia wenye hasira. Usipige picha za wagonjwa wala kumfokea muuguzi. Mara nyingi yeye ndiye shahidi wenu bora.

Pili, mpelekee MCA swali lililo tayari. Usimwambie tu "hali ni mbaya." Mwambie: "Mheshimiwa, tunaomba uulize bungeni mambo haya manne." Kisha mwombe akutumie majibu yaliyoandikwa. Akikuambia ameuliza, muulize aliuliza siku gani.

Tatu, ukitaka, andika ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge au kupitia kwa MCA, likiwa na majina na sahihi za wanaoomba.

Nne, omba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kudaiwa gharama ya kunakili karatasi. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amsaidie. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala.

Tano, zijue tarehe za pesa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia 30 Aprili. Bajeti yenyewe inapaswa kuwa tayari kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza 1 Julai. Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, nenda na swali moja tu: "Mwaka jana mlitenga kiasi gani cha dawa, kimetumika kiasi gani, na mwaka huu mmetenga kiasi gani?" Anayekuja baada ya Julai anakuta chungu kimeshaepuliwa.

Sita, nenda ukasikilize. Kifungu cha 196 kinasema vikao vya bunge la kaunti na kamati zake viwe wazi kwa umma. Ni Spika pekee anayeweza kuwazuia wananchi au wanahabari, tena kwa sababu maalum zinazokubalika. MCA anayeona watu watano wa wadi yake wameketi sehemu ya umma hazungumzi kama anayezungumza peke yake.

Tunalobaki nalo

Ugatuzi ulileta serikali karibu. Ulileta pia mtu wa kuulizwa karibu, na hilo tumelitumia kidogo. Tumezoea kumsubiri gavana kwenye mkutano wa hadhara, tupige makofi au tuzomee, kisha turudi nyumbani. Mkutano wa hadhara hauna kumbukumbu rasmi. Bunge la kaunti linayo.

Safari ijayo utakapoambiwa dawa hakuna, muulize muuguzi kwa upole jambo moja: "Mliagiza lini?" Tarehe atakayokupa iandike. Huo ndio mwanzo wa swali ambalo waziri hawezi kulijibu kwa "tunalishughulikia." MCA wako akilifikisha bungeni, mpongeze mbele ya watu kama unavyompongeza kwa barabara. Asipolifikisha, nalo liandike, pamoja na tarehe. Siku ya kupiga kura utakuwa na kumbukumbu zako mwenyewe.